Kliniki inayofika kwa lori: historia ya hospitali zinazoundwa kiwandani

Katika mji wa Irving, jimboni Texas, kuta za kliniki mpya huweza kushushwa kutoka kwenye lori zikiwa zimekwisha kutiwa nyaya, mabomba na rangi. Jambo hilo linaonekana la kisasa, lakini umri wake unazidi miaka 160. Historia yake inaanzia katika vita vya Krimea, inapitia barabara kuu za Afrika Mashariki, na imebeba funzo ambalo limewagharimu wengi.

Mji wa Irving ulianzishwa mwaka 1903 kati ya Dallas na Fort Worth. Sehemu ya uwanja mkubwa wa ndege unaohudumia miji hiyo miwili, uliofunguliwa mwaka 1974, imo ndani ya mipaka yake. Kaskazini mwa mji kuna Las Colinas, eneo la ofisi na makazi lililopangwa tangu miaka ya 1970 katika ardhi iliyokuwa shamba la mifugo la familia ya Carpenter. Leo taasisi kubwa za afya zina makao yake makuu mjini humo, ukiwemo mtandao wa hospitali wa Christus Health na kampuni ya kusambaza dawa ya McKesson.

Hata hivyo, mkazi wa kawaida wa Irving hakutani na taasisi hizo kwa majina yao makubwa. Hukutana na tabibu katika kliniki ndogo iliyopanga nafasi ndani ya jengo la ofisi, au katika safu ya maduka kando ya barabara. Miongoni mwa wanaoketi katika vyumba vya kungojea vya eneo la Dallas na Fort Worth wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo. Wamo pia Waafrika Mashariki wanaofanya kazi upande wa pili wa mlango, wakiwa wauguzi na wahudumu wa wagonjwa.

Ganda na kilichomo ndani

Mpangaji wa nafasi ya aina hiyo, mathalani daktari wa watoto, mara nyingi hukabidhiwa ganda la jengo tu: sakafu ya zege, nguzo, paa na kuta za nje. Kazi yenyewe imo ndani. Kila chumba cha uchunguzi kinahitaji sinki la kunawia mikono, taa, nyaya za kompyuta na ukuta mzito wa kutosha ili maneno ya mgonjwa yasisikike chumba cha jirani. Kwa mujibu wa viwango vinavyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, mlango sharti uwe na uwazi wa inchi 32, yaani takriban sentimita 81, ili kiti cha magurudumu kipite. Jimboni Texas, ujenzi wa gharama ya dola 50,000 au zaidi katika majengo ya aina hiyo husajiliwa na idara ya jimbo na kukaguliwa kwa ajili hiyo.

Kwa njia iliyozoeleka, mafundi husimamisha fremu za chuma, kisha fundi umeme hupitisha nyaya na fundi bomba hupitisha mabomba. Mkaguzi akisharidhika, fremu hufunikwa kwa bodi za jasi, zile ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki huziita jipsamu. Viungo hupigwa lipu na kusuguliwa, na rangi huja mwisho. Kila fundi humngoja aliyemtangulia. Mmoja akichelewa, wote huchelewa, na muda wote huo hakuna mgonjwa anayetibiwa.

Njia ya kiwandani huyagawa mambo kwa namna nyingine. Nafasi hupimwa kwa miale ya leza, michoro hutengenezwa kwa kompyuta, na kuta hukatwa na kuunganishwa kiwandani pamoja na kabati, nyaya na mabomba yake. Wakati huo huo, mafundi waliopo Irving hupasua sakafu ya zege na kulaza mabomba ya majitaka. Kazi mbili zilizokuwa zikifuatana sasa huenda sambamba, na hiyo ndiyo faida kuu. Lakini ndiyo pia hatari yake, kwani ukuta uliotengenezwa mbali haumsamehe aliyekosea kipimo cha bomba sakafuni. Ukuta wa kujengwa papo hapo husogezwa kwa msumeno na nyundo. Ule wa kiwandani hurudishwa ulikotoka, au sakafu hupasuliwa upya.

Mhandisi wa reli na hospitali ya mbao

Aliyelitambua jambo hilo mapema alikuwa Mwingereza Isambard Kingdom Brunel, mjenzi mashuhuri wa reli, madaraja na meli. Mwishoni mwa mwaka 1854, habari kutoka Krimea ziliwashtua Waingereza. Askari wao waliokuwa wakipigana na Warusi walikuwa wakifa kwa wingi kutokana na maradhi kuliko risasi. Katika kambi ya Scutari, upande wa Asia wa mji wa Istanbul, ambako Florence Nightingale aliwasili Novemba mwaka huo pamoja na wauguzi wake, jengo la hospitali lilikuwa kubwa na la kuvutia kwa nje. Chini yake, mifereji ya majitaka ilikuwa imeziba. Februari 1855, vifo hospitalini humo vilifikia takriban 42 kwa kila wagonjwa 100.

Mwezi huo huo Wizara ya Vita, ambako shemeji yake Brunel, Benjamin Hawes, alikuwa afisa wa ngazi ya juu, ilimwomba mhandisi huyo abuni hospitali ya kuundwa Uingereza na kusafirishwa kwa meli. Brunel alikubali mara moja. Vipande vya mbao vilitengenezwa na kampuni ya William Eassie katika bandari ya Gloucester, vikapakiwa melini, na kupelekwa Renkioi, mahali palipochaguliwa na daktari Edmund Parkes kwenye pwani ya mlangobahari wa Dardanelles.

Ubunifu wake haukuishia kwenye kuta. Kila jengo lilichukua wagonjwa wapatao 50 katika kumbi mbili, na lilikuwa na vyoo vyake, mahali pake pa kunawia na feni ya kuzungushwa kwa mkono iliyosukuma hewa safi kupitia chini ya sakafu. Nje, majengo yalifunikwa kwa bati jembamba lililong'arishwa ili kurudisha joto la jua. Jiko na dobi vilijengwa kwa chuma na kuwekwa mbali kwa kuhofia moto. Pamoja na vipande hivyo, Brunel alituma mabomba ya maji safi, mifereji ya majitaka na mafundi waliojua namna ya kuviunganisha. Aliwaza kwanza maji yataingiaje na uchafu utatokaje, ndipo akachora ukuta.

Wagonjwa wa kwanza walipokewa Oktoba 1855. Hadi ilipofungwa mwaka 1856 baada ya vita kumalizika, Renkioi ilikuwa imehudumia wagonjwa takriban 1,300, na waliofariki walikuwa karibu 50. Ulinganisho na Scutari unahitaji tahadhari. Wagonjwa wa Renkioi walifika baada ya siku mbaya kabisa za vita kupita, na Scutari yenyewe ilikuwa imebadilika sana baada ya tume ya usafi kuisafisha mifereji yake tangu Machi 1855. Lakini tahadhari hiyo inathibitisha jambo lile lile. Mifereji ilipozibuliwa, vifo vilipungua hata katika jengo la zamani.

Kutoka mahemani hadi Houston

Baada ya Krimea, hospitali ya kubebeka ikawa shughuli ya viwanda. Mwaka 1885, katika maonyesho ya kimataifa ya Antwerp nchini Ubelgiji, Shirika la Msalaba Mwekundu liliendesha shindano la kutafuta banda bora la wagonjwa linaloweza kusafirishwa. Mshindi alikuwa banda la paneli nyepesi lililobuniwa na Døcker, afisa wa jeshi la Denmark, na kutengenezwa na kampuni ya Christoph na Unmack ya Copenhagen. Mabanda ya namna hiyo yalienea katika majeshi na miji ya Ulaya.

Texas nayo ina sehemu yake katika simulizi hii. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari wa upasuaji Michael DeBakey alikuwa miongoni mwa waliosukuma wazo la kumpeleka mpasuaji karibu na uwanja wa mapambano, badala ya kumsafirisha majeruhi mwendo mrefu. Kutokana na fikra hizo zilizaliwa hospitali za jeshi za kuhamahama, zilizopata umaarufu katika vita vya Korea kati ya mwaka 1950 na 1953. DeBakey alihamia Houston mwaka 1948 na kuwa mmoja wa wapasuaji wa moyo waliojulikana zaidi duniani hadi kifo chake mwaka 2008.

Katika vita vya Vietnam, mwaka 1966, jeshi la Marekani lilileta hospitali yenye kumbi za kujazwa upepo. Kiini chake kilikuwa mtambo mmoja uliotoa umeme, maji ya moto na hewa baridi. Mtambo huo ulipozimika, kumbi zenyewe zililegea na kubwea. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi ukuta wa hospitali unavyotegemea kile kisichoonekana.

Kutoka vitani, ujuzi huo ulirudi katika majengo ya kudumu. Mwaka 2010, hospitali ya Miami Valley ya Dayton, jimboni Ohio, ilifungua jengo la ghorofa 12 ambamo bafu na kuta za kichwani mwa vitanda vya vyumba 178 viliunganishwa katika ghala lililokuwa karibu, kisha vikapandishwa mahali pake kwa winchi. Miaka michache kabla, mjini Calgary nchini Kanada, Mogens Smed na wenzake walikuwa wameanzisha kampuni ya DIRTT, inayotengeneza kuta za ndani kwa kufuata michoro ya kompyuta, na bidhaa za namna hiyo zikaingia katika ofisi na hospitali za Amerika Kaskazini.

Vumbi, maji na udongo wa Texas

Kuna sababu nyingine inayozifanya hospitali kuvutiwa na kuta za kiwandani, nayo ni vumbi. Kukata na kusugua bodi za jasi ndani ya hospitali inayoendelea kutibu watu huweza kurusha hewani chembe za kuvu iitwayo Aspergillus. Mtu mwenye afya huzivuta bila madhara. Kwa mgonjwa aliyepandikizwa kiungo, au anayetibiwa saratani ya damu, zinaweza kuua. Ndiyo maana katika hospitali za Marekani ujenzi hutanguliwa na tathmini ya hatari ya maambukizi, na maeneo ya kazi huzibwa kwa mapazia ya plastiki. Kadiri msumeno unavyofanya kazi kiwandani, ndivyo unavyopungua kazi karibu na kitanda cha mgonjwa.

Maji nayo yameacha kumbukumbu chungu. Juni 2001, dhoruba ya Allison ilizamisha sehemu kubwa ya kituo cha tiba cha Houston, na mamia ya wagonjwa wakahamishwa kutoka hospitali ya Memorial Hermann baada ya umeme kukatika. Februari 2021, baridi kali isiyo ya kawaida iliikumba Texas nzima na mabomba yakapasuka ndani ya kuta, kuanzia Houston hadi Dallas na Fort Worth. Bodi ya jasi iliyolowa hukatwa na kutupwa, kwani huota ukungu. Watetezi wa kuta za kiwandani husema paneli inayofunguliwa humwezesha fundi kulifikia bomba bila kuubomoa ukuta. Hoja hiyo ina uzito, mradi paneli yenyewe haikutengenezwa kwa kitu kinachonyonya maji.

Irving ina mtihani wake wa pekee. Sehemu kubwa ya Texas ya kaskazini imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Sakafu za zege hupanda na kushuka kidogo kidogo, na jengo lililokuwa sawa miaka 30 iliyopita huenda leo limeinama. Ukuta wa kiwandani hunyooka kama rula, lakini sakafu hainyooki. Kwa hiyo kuta hizo huwekewa miguu ya kurekebisha urefu, na kupima sakafu kunakuwa kazi ya kwanza kabla ya kiwanda kupokea oda.

Makontena ya barabarani

Afrika Mashariki imejifunza somo hilo hilo kwa kutumia kontena la mizigo, na imelijifunza kwa pande zake mbili.

Upande wa kwanza ulionekana barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liligundua kwamba shehena zake zilikuwa zikikwama kwa uhaba wa madereva, ambao wengi wao walikuwa wakiugua au kufariki kwa UKIMWI. Likishirikiana na kampuni ya uchukuzi ya TNT ya Uholanzi, lilifungua kliniki ya kwanza ya kando ya barabara mwaka 2005 huko Mwanza, mji wa Malawi ulio mpakani mwa Msumbiji na ambao si ule wa Tanzania. Mwaka uliofuata shirika la North Star likaundwa ili kuueneza mpango huo.

Kliniki hizo zilikuwa makontena yaliyopakwa rangi ya buluu na kukamilishwa ndani kwa chumba cha daktari, maabara ndogo na mahali pa ushauri nasaha. Nchini Kenya zilisimama katika vituo ambavyo kila dereva wa lori anavifahamu, kama vile Mariakani, Mlolongo na Salgaa. Zilifunguliwa jioni na usiku, wakati malori yanapoegeshwa. Waliozipanga walijua mahali, saa na mgonjwa kabla ya kulipaka kontena rangi. Kwa sababu hiyo, dereva aliyekuwa akisafiri siku nyingi bila kuonana na daktari alipimwa virusi vya ukimwi, malaria na kifua kikuu pale pale alipopumzika, yeye na wanawake waliofanya kazi katika vituo hivyo.

Upande wa pili ulionekana Miritini, viungani mwa Mombasa. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ya Kenya iliagiza kliniki 100 za kuhamishika zilizoundwa ndani ya makontena, kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni moja za Kenya, yaani shilingi milioni 10 kwa kila kliniki. Zilikusudiwa kwa wakazi wa mitaa ya mabanda katika sehemu mbalimbali za nchi. Makontena yalifika, lakini yakapangwa katika uwanja wa Huduma ya Vijana kwa Taifa huko Miritini, na yakabaki hapo.

Mwaka 2016 suala hilo lilijitokeza hadharani wakati wa mjadala mkali kuhusu matumizi ya fedha katika wizara hiyo, na likafika mbele ya wabunge. Maswali yaliulizwa kuhusu bei na utaratibu wa manunuzi, na pia kuhusu viwanja ambavyo havikuwa tayari kuzipokea kliniki hizo. Miaka mitatu baadaye makontena mengi yalikuwa bado yamesimama juani, karibu na chumvi ya bahari, huku majani yakiota baina yake. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kuta hazikukamilika. Kilichokosekana ni kiwanja, maji, umeme, muuguzi na bajeti ya dawa. Gharama ya kukosekana huko ililipwa na mama aliyeendelea kumbeba mtoto wake mwendo mrefu kwenda kumtibu.

Vitanda visivyolaliwa

Wala si Afrika pekee iliyopatwa na hali ya namna hiyo. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipoanza, mji wa Wuhan nchini China ulijenga hospitali ya Huoshenshan yenye vitanda takriban 1,000 kwa siku 10, kwa kuunganisha vyumba vilivyoundwa kiwandani. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Hazikuonyesha sana utando uliotandikwa ardhini kuzuia maji machafu yasipenye, wala mamia ya madaktari na wauguzi wa jeshi waliokabidhiwa kuiendesha.

Wakati huo huo huko Texas, ukumbi wa mikutano wa Dallas ulitayarishwa kwa vitanda 250, na mjini Houston hospitali ya dharura ya vitanda 250 ikasimamishwa katika viwanja vya NRG. Zote mbili ziliondolewa bila kutumika. Wapo walioona kwamba hiyo ilikuwa tahadhari ya busara, kwani hakuna aliyejua ugonjwa ungeelekea wapi. Wengine waliona kuwa upungufu wa kweli ulikuwa wa wauguzi, na kitanda hakimtibu mtu. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kusimamisha kuta ilikuwa ndiyo sehemu rahisi.

Mlango na ndani yake

Waswahili husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Historia ya hospitali za kiwandani, tangu Renkioi hadi Miritini, inaweza kusomwa kama ufafanuzi wa methali hiyo. Kiwanda kimeondoa vumbi na kupunguza miezi ya kungoja, lakini hakijaondoa haja ya kujibu kwanza maswali ambayo Brunel aliyajibu mwaka 1855 kabla ya meli kung'oa nanga: maji yataingia wapi, uchafu utatokea wapi, nani atakuwapo siku ya kwanza, na mgonjwa atafikaje.

Katika nafasi tupu ya jengo la ofisi mjini Irving, maswali hayo huanza kujibiwa siku fundi anapopasua sakafu ya zege kutafuta bomba la majitaka. Kazi hiyo haipigwi picha, wala mgonjwa hataiona, maana bomba litafukiwa. Lakini ikifanywa sawasawa, lori litakapofika kuta zitasimama katika siku chache, na mtoto mwenye homa atakuwa na mahali pa kupelekwa.